Ushauri: Watoto wa dada wanaishi kwenye kipigo, kila ofisi inanirusha kwa nyingine

Wakuu, heshima kwenu.

Nina dada yangu wa tumbo moja, ameolewa hapa Mwanza. Watoto wawili: dogo yupo darasa la tatu, mdogo wake wa kike hajaanza shule. Shemeji akilewa ni kipigo, asipolewa ni matusi. Watoto hajawahi kuwagusa, ila wanaona kila kitu. Likizo hii walikuja kwangu. Usiku napita kuwafunika shuka, nakuta dogo kalala na viatu, kamba zimefungwa kabisa. Namuuliza, ananiambia, "Mjomba, tukikimbia mimi ndiye ninayembeba mdogo wangu."

Nimeanza kuzunguka. Mtendaji wa mtaa anasema haya ni ya ndoa, yaende baraza la usuluhishi. Polisi wanasema aje aliyepigwa mwenyewe. Hospitali dada alisema kateleza bafuni, wakamshona akaondoka. Ustawi wa Jamii wakaniuliza, "Watoto wamepigwa?" Nikasema hapana. Ikaishia hapo. Dada naye hataki mume afungwe, maana kodi na chakula vinatoka kwake. Nianzie wapi?

Mzee wa Kirumba: Mkuu, ya ndoa waachie wenyewe. Kesho watapatana, wewe utabaki adui wa wote wawili.

Mama Kulwa: Mzee, huyo mtoto wa viatu naye ameolewa? Tuache utani.

Mstaafu_Ustawi: Mleta uzi, hii kazi nimeifanya halmashauri hadi nimestaafu. Wewe umeongea na kila ofisi, lakini hukuacha karatasi hata moja, na ofisi bila karatasi haikumbuki. Andika barua moja kwa Afisa Ustawi wa Jamii, nakala kwa mtendaji wa kata, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na mwalimu mkuu. Afisa akiona nakala imefika kwa wenzake, hathubutu kuilalia.

Kwenye barua usianze na ugomvi wa shemeji na dada. Mwandike mtoto: analalaje, anasema nini, anashtuka nini. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke serikali ya mtaa. Kwa hiyo hujaingilia ndoa ya mtu, umetimiza wajibu wako.

Kisha omba suala liingie kwenye Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya kata. Kamati hizi zimetokana na MTAKUWWA, ule mpango wa taifa ulioanza 2017/18, na zinawakalisha meza moja mtendaji, polisi, afya, ustawi, walimu na viongozi wa dini. Sikudanganyi, kuna kata zinakutana kweli na kuna kata kamati inaishi kwenye faili. Ulizia kikao kijacho ni lini. Wakikosa jibu, panda halmashauri.

Afande Mstaafu: Pale kituoni usiishie kaunta, ulizia Dawati lenyewe, wana chumba chao. PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ni bure, anayedai hela anakuibia. Dada akiumizwa tena vibaya akimbizwe hospitali kwanza, fomu itafuata. Ila amweleze daktari ukweli, kwa sababu anachojaza daktari ndicho hakimu atakachosoma. Hiyo ya bafuni itamrudia. Kama mna Kituo cha Mkono kwa Mkono karibu, mpeleke huko: daktari, polisi na ustawi wapo sehemu moja, hasimulii kisa upya kila dirisha.

Wakili wa Mtaani: Baraza la usuluhishi ni la migogoro ya ndoa, haliondoi jinai. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Shida yetu Tanzania ni kwamba hatuna sheria mahsusi ya ukatili wa majumbani kama ile ya Kenya ya 2015, ndiyo maana kipigo kinakwenda njia yake, watoto njia yao, talaka njia yake. Kuhusu binti, hiyohiyo Sheria ya Ndoa inachukulia kuwa mtoto chini ya miaka saba ni heri akae na mama, ingawa baba anaweza kupinga. TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) wanatoa msaada wa kisheria bure, dada akawaone kabla hajahama.

Mstaafu_Ustawi: Naongeza moja, hili ni zito. Ofisi zikianza kupeana taarifa, shemeji asijue dada anakimbilia wapi. Niliwahi kuona mtendaji, mtu mwema tu, akimpigia mume simu "aje wayamalize", akamtajia na nyumba aliyojificha mke. Kipindi mwanamke anapoondoka ndicho cha hatari kuliko vyote. Kwenye barua sema wazi: mawasiliano yapite kwa afisa ustawi peke yake.

Mwl. Nyakato: Mwalimu wa darasa aambiwe mapema. Huyo dogo akisinzia darasani tunamchapa, kumbe hajalala. Na mwalimu mkuu awe na namba ya kupiga iwapo baba atatokea kumtoa mtoto ghafla.

Mama Kulwa: Na 116, simu ya watoto, ni bure. Hata dogo mwenyewe anaweza kupiga, mfundishe.

Mleta uzi: Asanteni sana wakuu. Dada amekubali twende Dawati pamoja. Barua nimeianza hivi: "Shemeji yangu ni mnyama asiye na utu..."

Mstaafu_Ustawi: Futa mnyama. Weka tarehe na ulichokiona kwa macho yako. Na usitoke masjala kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa.