Leseni yangu ni ya 2011, motahomu ni ya kilo 4,005. Naweza kuiendesha?

BintiKisauni (Coventry)

Assalaam aleikum, na habari za jioni nyote. Naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana pesa ya arubuni iko tayari na mwenye gari ananipigia kila siku.

Tumepata motahomu ya mtumba, Fiat Ducato ya dizeli, gia za mkono, vitanda sita, choo, jiko la gesi na meza inayogeuka kitanda. Watoto wameshagawana vitanda na wameshagombana. Mpango ni kuzunguka kaskazini ya Scotland mwezi wa Agosti: Inverness, John o' Groats, halafu turudi kwa pwani ya magharibi. Tunaye mama yangu, amekuja kututembelea kutoka Mombasa, na hoteli za huku haziwezi. Anasema vyumba vinanuka zulia.

Sasa shida. Shemeji aliniambia nipige picha kila kitu, basi nilipofungua boneti nikaona kibati chenye mistari minne:

4005 kg
6000 kg
1 – 2100 kg
2 – 2400 kg

Muuzaji anasema leseni ya gari la kawaida inatosha kwa sababu hili ni gari la familia, si la biashara. Nikimtajia kibati, ananiambia nisijali, gari likiwa tupu halifiki hata tani tatu na nusu, karatasi zinasema 3,250 pamoja na dereva na mafuta. Akaongeza kwamba kama nina wasiwasi anaweza kulishusha kwenye karatasi liwe la 3,500.

Mimi nilifaulu mtihani hapahapa Uingereza 2011, gia za mkono. Mume wangu alikuja 2019 na leseni ya Kenya, BCE nzima (gari dogo mpaka lori), ameendesha trela Mombasa hadi Malaba, mpakani mwa Uganda, miaka tisa. Hapa alifanya mtihani 2021 kwa gari la otomatiki, kwa kuwa ndilo alilokuwa nalo mwalimu wake. Yeye anacheka tu. Anasema mtu aliyepanda mlima wa Mazeras na shehena ya saruji haulizwi leseni ya kibanda chenye magurudumu.

Haya, kati yetu wawili nani ana haki ya kushika usukani?

---

Kaka_Luton

Dada nunua, usichelewe. Sheria ilibadilika Juni 2025, leseni ya B, ile ya gari la kawaida, sasa inafika kilo 4,250. Nimesoma mwenyewe. Safari njema na mtuletee picha.

---

BabuKilindini (Leicester)

Waaleikum salaam, mwanangu. Usitoe hata peni moja mpaka umalize kusoma hapa. Na wewe Kaka_Luton, pole, umesoma nusu ya habari. Hizo 4,250 ni kwa magari yasiyotoa moshi kabisa, ya umeme na ya haidrojeni. Ducato ya dizeli haimo.

Kibati kwanza. Mstari wa kwanza ndio unaokuhusu: uzito wa juu kabisa ambao gari linaruhusiwa kufika likiwa limepakiwa, watu wakiwa ndani. Wa pili ni gari pamoja na tela lake. Wa tatu ni ekseli ya mbele, wa nne ya nyuma. Leseni inafuata ule wa kwanza. Hata ukilitoa gari bila kijiko ndani, bado ni gari la 4,005. Daraja B linaishia 3,500, na kutoka hapo mpaka 7,500 ni C1, daraja la malori madogo. Familia, biashara, arusi, matanga, kibati hakiulizi.

Huyo muuzaji simsemi vibaya, pengine naye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia.

Habari ya kulishusha karatasi ipo kweli na ni halali, lakini hebu tupige hesabu. Likishuka kuwa la 3,500, nawe umesema lina 3,250, unabakiwa na kilo 250. Dereva kashahesabiwa. Mpandishe mumeo, mpandishe mama, wapandishe watoto. Mtu wa Malaba ana kilo ngapi? Zangu ni 88. Mkikaa wote umeshapita, na hamjatia maji tangini (lita moja ni kilo moja, na tangi la lita mia ni la kawaida), hamjatia mchele, hamjatia blanketi. Gari la vitanda sita lisiloruhusiwa kubeba watu sita ni la kupigia picha.

Mumeo sasa. Namheshimu, maana mimi nimeiona ile njia ya Malaba. Lakini Kenya haimo katika nchi ambazo leseni zake hubadilishwa hapa. BCE ilimpa ruhusa ya kuendesha gari dogo kwa miezi 12 tangu alipohamia, basi. Lori la huku haikumpa hata siku moja. Halafu mwambie ageuze kadi yake, atazame safu ya 12. Akiona 78, hiyo maana yake otomatiki peke yake. Kwa hiyo motahomu yenu hata ingekuwa ya 3,500 sawasawa, kwa kuwa ni ya gia za mkono, bado asingeigusa.

Utajiuliza mbona wazee wa Kiingereza wanakupita barabarani na majumba ya tani tano na hakuna anayewasimamisha. Waliofaulu mtihani wa gari hapa kabla ya tarehe 1 Januari 1997 walipewa C1 bila kuiomba. Mimi ni mmoja wao. Nilifaulu 1994, mara ya tatu, na mtahini alinipa mkono kama mtu anayeaga maiti. Gari langu la kulala ni la kilo 4,500. Wajukuu wanaliita Kijumba.

Ngoja nikusimulie lililonipata, kwa sababu humu kuna watu wa rika langu wanasoma kimya kimya. Nilipotimia miaka 70 leseni ilitaka kufanywa upya. Nikaingia mtandaoni, nikabonyeza hapa na pale, dakika kumi, bure, nikamwita mke wangu, "Njoo uone, na mimi nayaweza." Kadi ikaja, nikaitia kwenye pochi bila kuigeuza. Nikaendesha Kijumba mpaka Devon na kurudi. Jioni moja mjukuu wangu wa miaka saba alikuwa akiichezea ile kadi, akaniuliza, "Babu, mbona gari zingine zina tarehe na kilori hiki hakina?"

Nikavaa miwani. Mstari wa C1, mtupu.

Ukifika 70, C1 haiendelei yenyewe. Unatakiwa utume fomu kwa posta, D2 pamoja na D4, na hiyo D4 ni ya daktari: moyo, sukari, kifafa, macho. Kwenye macho hawana mchezo. Kwenye ubao wa herufi, jicho lenye nguvu zaidi lifike 6/7.5, na lile jingine lisiwe chini ya 6/60, kwa miwani ukipenda. Nililipa daktari kwa pesa yangu. Nikarudishiwa C1, alhamdulillahi, lakini Kijumba kilikaa mbele ya nyumba wiki tisa mpaka jirani akaniuliza kama kuna mgeni ndani. Kilichonitoa jasho si faini. Ni ile Devon. Wajukuu wanne nyuma, na kama ningemgonga mtu, kampuni ya bima ingeuliza leseni kwanza kabla ya kuuliza kilichotokea.

Faini nayo usiidharau. Kuendesha gari usilokuwa na daraja lake ni pointi 3 mpaka 6 kwenye leseni na pauni hadi 1,000.

---

Mkunazini_Cardiff

Babu kamaliza, mimi naongeza upande wa mtihani kwa sababu nilipitia 2023. Nami ni wa baada ya 1997.

Zile fomu mbili za Babu, D2 na D4, ndizo hizohizo za kuanzia, ili upate leseni ya muda ya lori. Daktari hakwepeki hata ukiwa na miaka thelathini. Halafu nadharia: maswali 100, lazima upate 85, na video 19 za kutambua hatari ambazo unatakiwa upate alama 67 kati ya 100. Nilifeli video mara ya kwanza kwa sababu nilikuwa nabonyeza mapema mno. Nimezoea soko la Darajani kule Unguja, kila kinachotembea kwangu ni hatari.

Kisha vitendo, sehemu mbili. Ya kwanza uwanjani, unarudi nyuma kwa mkunjo wa S mpaka uingie kwenye kizimba bila kugusa koni. Ya pili barabarani. Ukipiga simu kwenye chuo cha udereva waambie mapema kwamba huendeshi kwa riziki, ni gari lako la matembezi. Mimi wa kwanza aliniwekea kwenye bei na ile mitihani ya udereva wa kazi, sehemu ya 2 na ya 4, ambayo hainihusu. Nilimuuliza inahusu nini, akanyamaza, bei ikashuka.

Na kama mumeo ndiye atakayefanya, asihangaike na C1. Aende moja kwa moja kwenye C. Mtihani ni uleule, ni lori kubwa zaidi tu, na kwake yeye kubwa ndiyo rahisi. Akifaulu kwa lori la gia za mkono, motahomu kama hiyo ni yake, na pengine kazi pia.

Jingine dogo: motahomu ambayo tupu inazidi tani 3.05, kwenye barabara ya kawaida nje ya mji mwendo wake ni maili 50, siyo 60. Wengi hawalijui hilo mpaka kamera iwaandikie barua.

Kwa Agosti hii lakini, sioni mtihani ukiwahi.

---

Kaka_Luton

Nimerudi kusoma vizuri. Babu yuko sahihi, ya umeme. Samahani dada.

---

BintiKisauni (Coventry)

Babu, shikamoo, na Mkunazini ahsante sana. Nimempigia muuzaji. Kwanza alisema mimi ni wa kwanza kulalamika. Nikamsomea mstari wa kwanza wa kibati, akasema atanipigia. Hajapiga.

Tumekaa kikao. Tunachukua ndogo, ya vitanda vinne, kibati chake 3,500, nimekipiga picha kabla hata ya kuangalia choo. Naendesha mimi. Mume wangu atafuata nyuma na Toyota yake ya otomatiki pamoja na wavulana wawili na hema. Aligeuza kadi yake. Ni 78 kweli. Alikaa kimya muda, halafu akaniuliza namba ya chuo cha Cardiff, nikamwambia atafute cha Coventry.

Jana usiku tumepima kila kitu kwa mizani ya bafuni. Mama amekubali kuacha sufuria kubwa na mabegi mawili. Mbuzi ya kukunia nazi amekataa katakata. Kilo tatu na nusu, na nimemwambia Scotland hakuna madafu, amenijibu nazi atazinunua hapa Coventry azibebe.

---

BabuKilindini (Leicester)

Marahaba mwanangu. Kabla ya kutoka pitisheni gari kwenye mizani ya malori likiwa limepakiwa, watu wote ndani, kama ile ya Mariakani kule Kenya, ila huku unalipa mwenyewe na hakuna foleni. Ekseli ya nyuma itazameni sana, vitu vyote huishia huko.

Mbuzi iende. Punguzeni maji.