Betri imekata, tunabusti vipi bila kuunguza kitu?

Wakuu, gari langu Toyota IST tangu asubuhi inalia tik tik tik tu haiwaki, nahisi nililaza taa zikiwaka. Jirani ana waya za kubusti (kuvuta umeme wa betri yake kuwasha langu) ila anaogopea gari lake. Tunaanzia wapi?

— Betri zote ziwe za volti 12, zimeni magari kwanza. Waya nyekundu kwenye posi (+) yako halafu posi ya jirani, nyeusi kwenye nega (-) ya jirani, ile ncha ya mwisho usiguse betri yako bana chuma kitupu cha injini mbali kidogo maana betri inatoa gesi, cheche ikiruka hapo inalipuka. Lake lingurume dakika 5 ndo upige stata.

— Kuchomoa kinyumenyume. Betri ikiwa imevimba achana nayo aisee

— Limewaka! Nyeusi nilishataka kuibana kwenye nega yangu 😅