Mafundi AC wa Tanga, tangu lini gesi ya kupikia ikawa gesi ya gari?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina kirikuu, Suzuki Carry, nabebea samaki toka Deep Sea hapa Tanga mjini kupeleka Muheza, siku nyingine mpaka Korogwe. Wanaoendesha hizi gari wanajua kwamba injini iko chini ya makalio. Sasa changanya na kaskazi ya mwezi wa pili, nyuzi 32 na zaidi, unyevu wa bahari mpaka jasho halikauki. Samaki nyuma wamelala kwenye barafu, dereva mbele anaiva. Ndo nikaamua nifunge AC.

Nikaenda gereji moja pale Ngamiani, kwa sasa sitaitaja. Fundi akanipigia hesabu: kompresa ya mtumba, kondensa ya kutupa joto nje, evapureta ya kupoza ndani, mabomba, gesi na ufundi, jumla laki tisa. Nikalipa. Risiti napigwa kalenda mpaka leo.

Siku ya kukabidhiwa gari, baridi mpaka kioo kinaweka ukungu. Sijafika hata Pongwe imekata, inapuliza joto. Ukizima ukaiacha kidogo, ukiwasha inarudi, halafu inakata tena. Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, naona na baridi imeusikia. Ukisimama na AC imewaka, gari linatetemeka mpaka linazima. Kimlima kidogo tu unarudi namba mbili. Na mshale wa joto unapanda, roho mkononi usije ukaunguza gasketi ya silinda hedi.

Nimerudi kwake. Jibu: "Bosi, gari lenyewe cc 660, unataka AC kama ya V8? Vumilia tu."

Hapo ndipo aliponimaliza. Wakati anahesabu laki tisa zangu, hizo cc hakuziona? Na Japani wenyewe wametoa kirikuu za injini hii hii zikiwa na AC ya kiwandani, mjini hapa zipo, zinapoza vizuri. Ni kweli injini ni ndogo, cc 658 na hospawa kama 50, na kompresa inaweza kula tatu hadi tano peke yake. Ila kiwandani hilo walilijua. AC ikiwaka, kuna kifaa kinapandisha silensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, ili gari lisizime. Na gari nyingi ukikanyaga mafuta mpaka chini, kompresa inajikata yenyewe sekunde chache, injini ipate nguvu. Langu halina hata kimoja. Jamaa kafunga mkanda, kavuta waya kutoka kwenye betri mpaka swichi mpaka kompresa, rilei hakuna, fyuzi hakuna. Pale waya ulipopita kwenye bati kazungusha tepu nyeusi, na tepu imeshaanza kuyeyuka. Anasubiri nini, gari liungue ndo aseme cc 660?

Nikampelekea mzee mmoja wa Chumbageni, fundi wa majokofu toka zamani. Huyu hata spana hakushika kwanza. Kachukua kipande cha gazeti, kainama chini ya bodi, kakiweka mbele ya kondensa, akaniambia washa. Feni imekaa nyuma ya kondensa, kwa hiyo inatakiwa ivute hewa, gazeti linate. Gazeti likaruka likaenda zake. Nyaya mbili za feni zimegeuzwa, inasukuma kinyume. Kondensa inapigwa na hewa ya moto ya kule kwenye injini, halafu nashangaa AC haipozi!

Akaja kwenye draya, kile kikopo kinachonyonya maji kwenye mfumo. Kinatakiwa kiwe kipya kila mfumo unapofunguliwa, na vizibo vyake unavitoa dakika ile ile ya kufunga. Hii yangu ni ya dampo, na niliiona kwa macho yangu ikining'inia kwenye msumari pale gereji, matundu wazi, na hewa ya Tanga mnaijua. Imeshashiba unyevu kabla haijafungwa. Pampu ya kunyonya hewa sikuiona kabisa siku ile, mabomba yalikazwa na gesi ikaingia hapo hapo. Mzee anasema unatakiwa unyonye nusu saa au zaidi, uzime, uangalie geji kama inarudi, ndipo uweke gesi. Usiponyonya, maji yanabaki ndani, yanaganda kwenye valvu pale njia inapokuwa nyembamba, baridi inakata. Barafu ikiyeyuka inarudi. Ndiyo mchezo wote ninaouona barabarani. Na huo unyevu ukikaa na oili unatengeneza asidi, kompresa inaliwa taratibu.

Sasa sikieni hili. Mzee akafungulia gesi kidogo tu kupima, tukaangaliana. Harufu ya jikoni! Ile ile ya mtungi ukivuja. Gesi ya AC ya gari, R134a, haina harufu ya namna hiyo. Nilitozwa bei ya 134a, nikaonyeshwa na mtungi wa bluu wenye maandishi yake, kumbe mle ndani kuna gesi ya kupikia.

Wakuu, evapureta iko ndani ya dashibodi, magotini kwangu. Kichwa cha kirikuu mnakijua kilivyo kidogo, vioo vimepandishwa, gesi yenyewe nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini miguuni. Utingo wangu anavuta sigara. Huyu fundi alinipeleka Muheza na bomu, na njiani nilipakia mama mmoja na mtoto wake.

Nikampigia. Anasema "gesi ni gesi bosi, hata baridi yake ni kali zaidi." Baridi kali hata mimi sikatai. Friji za kisasa za nyumbani nazo zina gesi inayowaka, ila ni kidogo mno na zimeundwa kwa ajili hiyo. Sikuagiza majaribio kwenye gari langu.

Ninachotaka ni laki tisa yangu irudi, atoe takataka zake zote na arudishe nyaya kama zilivyokuwa. Jumatatu naenda na mzee akiwa shahidi, akileta maneno tunaishia polisi Chumbageni.

Mwenye kumjua fundi wa Tanga mwenye pampu ya kunyonya hewa na gesi halali aniletee namba PM. Wa Dar hapana, samaki hawanisubiri. Na nyie wa "mkuu si ungefungua tu vioo", huu uzi si wenu, piteni.