Somo: Mwanangu kawekwa ufundi badala ya aljebra, nifanyeje?

Mama Mapacha, Columbus:

Habarini wanajamii, poleni na baridi. Naomba ushauri kwa wenye watoto haiskuli. Vijana wangu mapacha wametua hapa Marekani mwezi wa nane kutoka Morogoro, walikuwa kidato cha tatu na hesabu wanaziweza vizuri tu, sasa juzi nimeenda shule kaunsela, yule mshauri anayepanga masomo ya wanafunzi, ananionyesha ratiba, mmoja kapewa aljebra na kemia, mwenzake yule mpole asiyeongea sana kawekewa ufundi wa mbao, upishi na hesabu za chini kabisa. Wamekaa darasa moja kwa mwalimu mmoja miaka yote! Nikauliza naambiwa hayo ni masomo ya kuchagua, sasa kachagua nani wakati mimi sijaulizwa na mtoto hajaulizwa? Na hizi kredi wanazozihesabu ni nini hasa? Naomba mnisaidie kwakweli sijalala vizuri.

Mjomba wa Minneapolis:

Pole sana dada yangu. Nina miaka 22 hapa na wanangu wanne wamepita hizo haiskuli, nitaandika kirefu manake hili liliniuma na mimi.

Nilipofika nilifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, usiku. Kulikuwa na bibi mmoja aliyefundisha Kilatini na Kiingereza haiskuli ya mji mdogo kuanzia miaka ya 1950, kabatini kapanga vile vitabu vya picha ambavyo shule hutoa kila mwaka, akikosa usingizi tunavifungua pamoja. Chini ya picha ya kila mwalimu kuna masomo yake: huyu aljebra na jometri, huyu historia na uraia na ndiye huyohuyo kocha wa mpira wa kikapu, yule mama taipu na hatimkato, yule baba wa karakana yuko na aproni yake pembeni ya msumeno. Sayansi kimu wasichana watupu, karakana wavulana watupu. Bibi anamkumbuka kila mmoja na alikuwa mkali kwenye nini.

Siku moja nikamuuliza, bibi, nani alikuwa anaamua mtoto aende wapi? Akanyamaza kidogo, akaniambia ni sisi, walimu na kaunsela, tunaangalia alama, tunaangalia kile kipimo cha akili, na mara nyingi tulishajua baba yake anafanya kazi gani. Alisema kuna watoto bado anawafikiria. Yule bibi nilimpenda sana.

Yani dada, wakati ule kulikuwa na njia kama tatu ndani ya jengo moja: ya kwenda chuo, ambayo ndiyo yenye Kilatini, aljebra, fizikia, ya biashara, hapo ni taipu, hatimkato na kutunza vitabu vya hesabu, halafu ufundi na masomo ya jumla. Kilimo, ufundi na sayansi kimu zilikuwa na hela ya serikali kuu tangu sheria ya Smith-Hughes ya 1917 kwahiyo karakana zilijengwa kila mahali. Siku hizi majina ya njia yamefutwa kwenye shule nyingi, lakini ukiziangalia ratiba mbili za wanao unaziona zimelala hapohapo.

Kuhusu kredi, ni kipimo cha muda. Mwanzoni mwa karne iliyopita watu wa Carnegie, taasisi ya mambo ya elimu, waliweka kwamba somo moja ni kama saa 120 na mwalimu kwa mwaka, na mpaka leo shule nyingi zinahesabu kwa mtindo huo. Hapo ndipo mtego ulipo, manake kredi ya upishi na kredi ya kemia zote ni moja kwenye kuhitimu, ila chuo kikiangalia hazilingani hata kidogo. Kijana anaweza kuvaa joho akiwa na kredi zote na mlango wa uhandisi umeshafungwa.

Sasa huyo kaunsela usimwogope. Warusi waliporusha Sputnik, ile setilaiti ya kwanza, tarehe 4 Oktoba 1957 Wamarekani walishtuka kweli, Septemba 1958 rais Eisenhower akasaini sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, hela zikaenda kwenye sayansi, hesabu, lugha za kigeni, na nyingine kwa ajili ya makaunsela, wawatafute watoto wenye vipaji wasipotee. Wa kwako ndio huyo asipotee. Omba kikao kwa maandishi, peleka ripoti za Morogoro zikiwa zimetafsiriwa, waambie unataka mtoto apimwe hesabu kwa karatasi. Uliza mlolongo, aljebra ya kwanza, jometri, aljebra ya pili, anamaliza mwaka gani, ukichelewa mwaka mmoja anaweza kuikosa kalkulasi, zile hesabu za juu. Kama Kiingereza kinakusumbua shule ya serikali inatakiwa ikupe mkalimani, ni haki yako, usimtumie mtoto. Na fanya wiki hii, kubadili ratiba kuna tarehe ya mwisho.

Sisemi ufundi ni mbaya. Wa tatu wangu ni fundi umeme na ana nyumba yake. Ila alichagua mwenyewe.

Dada wa Little Rock:

Shikamoo mjomba. Naongezea kidogo, mimi napita mbele ya Central High School kila siku nikienda kazini. Wengi tunajua wale wanafunzi tisa weusi walioingia hapo 1957 ilipokuwa shule ya wazungu watupu, na mmoja wao Ernest Green aliyehitimu Mei 1958. Mwaka uliofuata hausemwi sana, gavana wa jimbo letu la Arkansas, Faubus, alifunga haiskuli zote nne za mji, za wazungu na ya weusi, wanafunzi zaidi ya 3,600 wakafungiwa nje mwaka mzima. Masomo yakajaribiwa kwenye televisheni muda mfupi tu. Walimu walikuwa na mkataba kwahiyo walikuja kukaa kwenye madarasa matupu! Mei 1959 bodi ya shule ikataka kufukuza 44 kwa sababu hawakuunga mkono ubaguzi, na wazazi na watu wa mji ndio waliosimama wakapiga kura kuwaondoa wajumbe waliofanya hivyo. Mama Mapacha, hapa mzazi akienda kwenye mkutano wa bodi anasikilizwa, usikae nyumbani.

Mzee wa Maryland:

Marahaba wanangu. Mimi nilifundishwa fizikia kule Kenya na kijana Mmarekani aliyekuja na ule mpango wa Teachers for East Africa ulioanza 1961, wengi wao walipitia Makerere kwanza. Alituacha tuburute vigari na mawe mezani wiki nzima kabla hajaandika fomula hata moja ubaoni. Nilistaafu nikiwa mhandisi. Mama, huyo mpole nipe Jumamosi saa nne asubuhi kwa video, tutapitia aljebra mpaka siku ya kipimo.

Mama Mapacha, Columbus:

Mungu awabariki, nimelia. Barua nimeituma leo asubuhi, kikao ni Alhamisi na mkalimani wamekubali. Mzee nimemwambia kijana, ameshatafuta daftari.