Shati moja jeupe la kuvaa mara kwa mara: poplini, Oxford au kitani?

Mleta mada: Ndugu zangu, nimeamua kupunguza nguo kabatini na kubaki na chache ninazozipenda kwa dhati. Msingi wake nataka uwe shati jeupe la mikono mirefu, linalofaa kazini na linalopendeza vilevile mwisho wa juma bila koti wala tai. Nimebakiwa na vitambaa vitatu: poplini, pamba ya Oxford na kitani. Naomba mnilinganishie.

Kola Imara: Poplini hufumwa kwa nyuzi nyembamba zilizobanana, kwa hiyo hutoka laini na yenye mng'ao kidogo, na mahali pake hasa ni chini ya koti. Ikivaliwa peke yake, nyeupe huonyesha fulana ya ndani na kila mkunjo. Katika Oxford nyuzi hupitishwa mbili mbili, ndiyo maana ukikipapasa kitambaa unahisi vichembe vidogo. Hakionyeshi ndani, na kadiri kinavyofuliwa ndivyo kinavyozidi kulainika. Kola yake yenye vifungo kwenye ncha, ambayo Brooks Brothers, kampuni ya nguo ya Marekani, walianza kuiuza mwaka 1896 kwa kuiga mashati ya wachezaji wa polo wa Uingereza, hukaa vizuri hata bila tai. Kwa mahitaji uliyoyaeleza, chukua Oxford.

Mpenda Kitani: Naafikiana nawe kuhusu poplini, ila kitani kisiachwe nyuma. Katika hewa ya unyevu uleule, kitani hubeba unyevu wa takriban asilimia 12 ya uzito wake, pamba karibu asilimia 8, na poliesta haifiki hata 1. Ndiyo sababu mtu aliyevaa kitani siku ya joto hubaki mkavu mgongoni. Ni kweli kwamba hukunjamana, kwa kuwa nyuzi zake hazinyumbuki, na pasi haitabadilisha hilo kwa muda mrefu. Hata hivyo, kitani kizito hukunjika kwa mikunjo mipana inayotulia, na mimi naona uzuri wake uko hapo hapo. Kipigwe pasi kikiwa bado na unyevunyevu.

Fundi Cherehani: Wote mmesema kweli, lakini mnunuzi atazame bega kabla ya kitambaa. Mshono wa bega ukome pale mfupa wa bega unapoishia. Ukishuka kuelekea mkononi, shati litaonekana la kuazima hata likiwa la kitambaa bora kuliko vyote. Kola ikifungwa, vidole viwili vipite bila kulazimishwa. Mbavu na mikono tunaweza kupunguza kwa muda mfupi, ilhali kurekebisha bega ni karibu sawa na kushona shati upya. Ukiamua kushonesha, kitambaa kifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa maana pamba na kitani vyote husinyaa.

Kola Imara: Niongeze kwamba shati hilo lisiwe na nembo kifuani. Weupe uliotulia na kola iliyokaa sawasawa vinamtosha mwanamume, na furaha ya kuvaa hivyo hudumu siku nzima kwa sababu hakuna kitu cha kurekebisha kila dakika.

Mleta mada: Ndugu Fundi, sikuwa nimelifikiria bega kabisa. Nitashonesha la Oxford kwanza, kitambaa kikiwa kimefuliwa, kisha vipimo vyake vitumike kwa la kitani kizito. Poplini naiacha hadi nitakapohitaji suti.