Canter tatu, njia moja: mbona hii moja inakunywa lita 230?

Mama Matenga
Wakuu, habari za leo. Nina Canter tatu za kuleta nyanya Dar kutoka Ilula, kwenda na kurudi kama kilomita 900. Zote injini 4D33, zote zinabeba matenga idadi ileile. Ya kwanza inatumia lita 165, ya pili 180, ya tatu 230! Dereva wake nikimuuliza ananijibu, "Bosi, ule mlima wa Kitonga." Kwani wenzake wanapita wapi? Nifunge GPS, nibadili dereva, au niuze gari? Naombeni ushauri kabla sijamtuhumu mtu bure.

Mzee wa Dumu
Unapigwa mchana kweupe. Mpira na dumu la lita 20, dakika tano kazi imekwisha. Fukuza.

Fundi Nozeli
Taratibu. Dada, hizo lita umezijuaje?

Mama Matenga
Nawapa hela, wananiletea risiti.

Fundi Nozeli
Basi hujapima kitu, umehesabu hela zilizotoka. Safari ijayo nenda mwenyewe sheli, jaza tanki mpaka shingoni, andika namba ya odometa. Njiani wakiongeza, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) iwe na namba ya gari. Wakirudi, sheli ileile, pampu ileile, jaza tena mpaka shingoni. Lita zote zilizoingia baada ya ule ujazo wa kwanza ndizo zimetumika. Gawa kilomita kwa hizo. Rudia safari tatu, moja haitoshi.

Halafu likitoka safari kabla halijapoa, sogeza kiganja karibu na rimu za nyuma, usiziguse. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki inashika, na hapo unalipia mafuta ya kuburuta gari lako mwenyewe. Angalia eya klina na upepo wa tairi, upime asubuhi tairi zikiwa baridi. Likipanda mlima na moshi mweusi, nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zipelekwe kwenye mashine ya kuzipima.

Suka wa Nyanda za Juu
Naongea kama dereva, msinikasirikie. Wizi upo, sikatai. Ila mabosi mnatuma mtu siku mbili na posho ya chai na kitumbua, mnategemea ale wapi kama si kwenye tanki? La pili, saa sita usiku bosi anapiga simu: "Uko wapi? Soko linafunguka!" Gari la mzigo mwisho ni 80, lakini kwa simu hiyo mtu anakanyaga 100, na Canter ya matenga inasukuma upepo kama ukuta. Muwahi kupakia, dereva atatembea kistaarabu. Mimi Kitonga nikishuka naachia nyutro, nasevu kidogo.

Fundi Nozeli
Suka, hapo hapana! Ukiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, gavana (kidhibiti) ya pampu inakata dizeli, tairi ndizo zinazozungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inadai mafuta ya silensa, yaani ya kuunguruma tu bila kukanyagwa. Kwa hiyo husevu chochote, tena unashuka Kitonga na tani nne za nyanya ukitegemea breki peke yake. Zikichemka hazishiki.

Suka wa Nyanda za Juu
Miaka 14 nimeaminishwa kinyume. Haya.

Msomi wa Kibaha
Mimi naongeza la bei. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutoa bei kikomo ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila mji una yake. Dar huwa chini kuliko Iringa kwa sababu ya gharama ya kusafirisha, kwa hiyo jaza huku, usisubiri kule juu. GPS nzuri, ila inakuonyesha gari liliposimama, haioni ndani ya tanki mpaka ufunge na kipimo cha mafuta.

Mama Matenga
MREJESHO: Nimepima safari tatu. Rimu ya nyuma kushoto ilikuwa ya moto, fundi amekuta silinda ya breki imeganda. Baada ya kutengeneza, kutoka 230 tumeshuka mpaka 198. Posho nimeongeza kwa wote watatu, na simu ya saa sita nimeacha (ngumu, lakini nimeacha). Dereva nilimwomba radhi kwa zile kelele za mwezi uliopita.

Ila bado kuna lita 18 juu ya ile ya 180. Yeye anasema foleni ya mizani na injini ikiwaka. Mlimani moshi upo, sema si mweusi tii. Fundi, nozeli nne kuzipima inachukua siku ngapi? Alhamisi gari linapakia.

Fundi Nozeli
Lilete Jumanne asubuhi, jioni unaondoka nalo. Na foleni ya mizani mwambie azime.