Jibu: Nimealikwa chakula cha mchana Tukuyu

> Wapendwa, mwenzangu wa kazini amenialika kwao Tukuyu Jumapili hii baada ya ibada. Wazazi wake watakuwepo. Ndiyo kwanza nimehamia Mbeya kutoka Nakuru, na nisingependa kuwakosea. Nibebe nini, nivae nini, na kuna la kuchunga mezani?

Dada, hongera. Ukiona mtu amekupeleka kwa wazazi wake, ujue umeshahesabiwa mtu wa karibu. Nenda kwa furaha.

Kinachotuponza sisi tuliotoka Kenya ni haraka. Kwetu mtu anaingia, anasalimu kwa mkupuo, anakula, anaondoka, na hakuna anayeona ubaya. Huku salamu zina nafasi yake na hazikatizwi. Piga hodi hata kama mlango uko wazi na wamekuona tangu barabarani. Waamkie wazee mmoja mmoja, shikamoo baba, shikamoo mama, na bibi aliyekaa pembeni usimruke. Mtaulizana habari za safari, za kazi, za watoto, za huko ulikotoka. Halafu ataingia mzee mwingine na mtaanza upya. Simu iache kwenye mkoba. Na ukihitaji kitu, sema "naomba maji", maana ule mtindo wetu wa "nipatie maji" huku unasikika kama amri.

Kuhusu mavazi, sketi au gauni linalovuka magoti linatosha. Weka kanga moja kwenye mkoba, kwa sababu viti vya sebuleni huwa vya chini na utataka kujifunika miguu. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo mwavuli na sweta ni lazima hata ukiondoka Mbeya jua likiwaka. Viatu utavivua mlangoni vikiwa na matope. Vaa soksi nzima.

Zawadi: sukari kilo mbili, mafuta ya kupikia, sabuni ya mche, mkate. Ndizi na parachichi usibebe, unakwenda Rungwe, wilaya ya Tukuyu, zinakolimwa kwa wingi. Bia pia acha. Wamoravian, yaani Wakristo wa Kanisa la Moravian, wako Rungwe tangu 1891 na zipo nyumba ambazo pombe haiingii kabisa. Usiwaweke wenyeji kwenye kona kabla hata hujakaa. Mfuko mkabidhi mama mwenye nyumba kwa mikono miwili mara baada ya salamu. Atashukuru na kuupeleka ndani bila kuufungua mbele yako, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Sasa mezani, na hapa nitakaa kidogo. Kabla ya chakula atakuja binti au kijana wa nyumba na jagi la maji ya moto kiasi, beseni, na taulo begani. Mara nyingi atapiga goti mbele yako. Wengi wetu jambo hili linatutia aibu, tunainuka au tunamnyang'anya jagi ili tunawe wenyewe. Usifanye hivyo. Yule mtoto amefundishwa kumheshimu mgeni, na wazazi wake wanamtazama. Ukimnyang'anya umemwonyesha kwamba heshima yake huitaki. Kaa, nyoosha mikono yote miwili juu ya beseni, mwache amimine, nawa polepole, kisha mwambie asante mwanangu ukimtazama usoni.

Halafu jiandae kuombwa uombee chakula. Mgeni hupewa nafasi hiyo mara nyingi, na baada ya kula unaweza kuombwa neno. Sala iwe fupi: mshukuru Mungu kwa wenyeji, kwa mikono iliyopika, basi. Neno nalo, jitambulishe, taja kwenu ni wapi, washukuru wazee kwanza na mwenzako baadaye. Malizia kwa "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, lugha ya wenyeji wa huko, uone watakavyofurahi.

Utakuta ndizi zilizopikwa na nyama au maharage, pengine wali wa mchele wa Kyela ambao harufu yake utaisikia hotpoti likifunguliwa, na kuku wa kienyeji. Mwanzoni pakua kidogo. Mama atakuongezea, hilo halina mjadala, na ni heri akuongezee ukiwa na nafasi tumboni kuliko uanze kumkatalia. Kama kuna usichoweza kula, onja kidogo, endelea na kingine, na usitoe maelezo. Firigisi ikiletwa kwenye sahani yako, ile wewe mwenyewe. Nyumba nyingi humpa baba au mgeni wanayemheshimu, na ukimgawia mtoto umeirudisha heshima waliyokupa.

Jambo moja la Kinyakyusa linawapita wageni wengi. Kwa mila zao mkamwana hakai pamoja na baba mkwe wake, hata kumtazama hamtazami. Familia nyingi zimelegeza, lakini wapo wanaoshika. Ukimwona shemeji aliyepika chakula chote anatoweka mzee anapoingia, au anakulia jikoni wakati ninyi mko sebuleni, usimwite kwa sauti "njoo ule na sisi". Unamtesa yeye na unamtesa mzee. Mkimaliza kula, mfuate jikoni umshukuru huko. Utaomba kuosha vyombo, atakataa. Omba mara moja tu, kisha vuta kigoda mpige soga. Mimi naona hayo mazungumzo ya jikoni ndiyo yanayomfanya mtu akumbukwe na aalikwe tena.

Kuaga kunachukua muda. Uyole hadi Tukuyu si mbali, ila usisubiri giza, na usiinuke na tonge la mwisho mdomoni. Mdokezee mwenzako mapema, yeye ndiye atawaambia wazee. Watakusindikiza hadi barabarani, na huenda ukapewa mkungu mzima wa ndizi au kuku hai aliyefungwa miguu. Pokea kwa mikono miwili, hata kama huna pa kumfugia. Ukifika nyumbani piga simu, useme umefika salama.

Forest ya Zamani, Mbeya

---

Naongezea mawili kutoka Kihesa, Iringa, kwa watakaoalikwa upande huu.

Msimu wa mvua utaletewa ulanzi, unaogemwa kwenye mianzi. Uliogemwa asubuhi ni mtamu kama juisi, lakini hauachi kuchacha, na wa jana ni pombe kamili. Uliza ni wa lini kabla ya kupokea kikombe cha pili. Kama hunywi, sema "situmii" tangu mwanzo na uombe chai, hakuna atakayekulazimisha. Kinachoudhi ni kupokea, kulowesha midomo, kisha kukiacha kikombe kimejaa.

La pili ni kwa ndugu zetu Waislamu kutoka Mombasa. Nyanda hizi kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ni chakula cha kawaida, na kuku wa nyumbani anaweza kuchinjwa na yeyote. Mwambie aliyekualika siku mbili tatu kabla. Watamwita jirani Mwislamu aje kuchinja na watatenga sufuria, na watafanya hivyo kwa moyo mmoja. Ukilisema wakati sahani ziko mezani, mama wa watu ataingia jikoni kukukaangia mayai huku wenzako wakiwa wameanza kula.